Kanda Ipi, na Mkono wa Nani? Majibu kuhusu CD za Rock na Pop za Mwanzo

Barua zilizoifikia safu hii safari hii zinafanana kiasi cha kushangaza. Karibu zote zinauliza ni CD ipi inayotoa sauti bora ya nyimbo za rock na pop zilizorekodiwa kati ya katikati ya miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960. Nimechagua sita, na naomba radhi mapema kwamba jibu la kwanza ni refu kuliko mengine, kwa sababu mengi yanayofuata yanalitegemea.

Swali: Ninazo CD tatu za nyimbo za Buddy Holly. Moja ni ya miaka ya 1980, nyingine ya miaka ya 1990, na ya tatu nimeinunua karibuni, ikiwa na maandishi makubwa kwamba sauti yake imesafishwa upya. Hii mpya ndiyo yenye sauti kubwa kuliko zote, lakini baada ya nyimbo nne au tano huwa natamani kuizima. Je, ni masikio yangu yanayozeeka?

Jibu: Masikio yako ni mazima, na huenda ni mazima kuliko ya aliyeitengeneza hiyo CD ya tatu. Maneno "imesafishwa upya" hayaelezi lolote ila kwamba kuna mtu aliyekaa mbele ya mitambo na kubadilisha kitu. Hayasemi alianza na kanda ipi, wala hayasemi aliifanyia nini. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wauzaji wa muziki wanalijua hilo vizuri.

Tuanze na kanda. Buddy Holly alirekodi nyimbo zake nyingi maarufu katika studio ya Norman Petty mjini Clovis, New Mexico. Kanda iliyotoka kwenye mashine siku wimbo ulipomalizika ndiyo kanda asilia. Kutoka kwenye hiyo kilinakiliwa kizazi cha pili kwa ajili ya kampuni ya santuri, kisha kizazi cha tatu kwa ajili ya viwanda na nchi za nje, na kila kunakili kuliongeza ule mvumo mwembamba ulio nyuma ya muziki na kupunguza uangavu wa sauti za juu. Zaidi ya hayo, nakala zilizoandaliwa kwa ajili ya kuchongea santuri mara nyingi zilipunguzwa besi kwa makusudi, ili sindano isiruke kwenye mashine za bei nafuu. Mashine za CD zilipoanza kuuzwa nchini Japani mwezi Oktoba 1982 na kuenea duniani katika miaka iliyofuata, kampuni nyingi ziliharakisha kujaza maduka kwa kuchukua kanda iliyokuwa karibu zaidi kwenye rafu, na mara nyingi hiyo ilikuwa nakala ya nakala. Ndiyo maana watu wengi waliamini kwamba CD zenyewe zina sauti kavu na nyembamba, ilhali kosa lilikuwa la kanda iliyotiwa humo. CD hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16, na uwezo huo unazidi kwa mbali kile ambacho kanda ya mwaka 1957 iliweza kushika.

Lakini miaka hiyohiyo ya haraka ndiyo iliyotupa pia baadhi ya CD ambazo hazijapitwa hadi leo. Mwaka 1985 kampuni ya MCA ilitoa mkusanyiko wa nyimbo 20 za Buddy Holly ulioitwa *From the Original Master Tapes* (yaani "Kutoka kwenye Kanda Asilia"), ulioandaliwa na fundi Steve Hoffman, na kwa mara hii jina lilikuwa la kweli: kanda zilitafutwa, zikachezwa vizuri, na baada ya hapo fundi akawa na busara ya kuondoa mikono yake. Ikiwa CD yako ya miaka ya 1980 ndiyo hiyo, usiiuze.

Jaribu jambo hili ukiwa na CD zako zote tatu. Weka wimbo "Everyday" wa mwaka 1957. Hakuna ngoma humo. Anachofanya Jerry Allison, mpiga ngoma wa Holly, ni kupiga mapaja yake kwa viganja, huku Vi Petty, mke wa Norman, akicheza selesta, kile kinanda kidogo chenye mlio kama wa vikengele. Sikiliza viganja. Katika toleo zuri utasikia ngozi ikigonga nguo, na kati ya pigo na pigo utasikia hewa ya chumba. Kisha sikiliza noti ya selesta inavyofifia: inapaswa kuzama taratibu ndani ya mvumo wa kanda, kama taa inayopotelea katika ukungu. Ikiwa noti inakatika ghafla, na mvumo nao unatoweka pamoja nayo kisha kurudi noti inayofuata inapopigwa, hapo kompyuta imetumiwa kufuta mvumo na imefuta chumba pia. Mimi huuvumilia mvumo wa kanda bila taabu, kwa sababu baada ya dakika moja sikio hulisahau jambo lisilobadilika, lakini haliwezi kusahau kitu kinachoingia na kutoka.

Halafu weka "Peggy Sue". Katika wimbo huo Norman Petty alikuwa akiifungulia na kuifungia ngoma chumba cha mwangwi wakati wimbo ukiendelea, hivyo ngoma husogea karibu kisha hurudi nyuma, tena na tena. Katika CD iliyobanwa sana mwendo huo hugeuka kuwa ngurumo moja iliyo sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na hapa ndipo tunapofikia kinachokuchosha. CD ina dari: kuna kiwango cha juu kabisa ambacho sauti haiwezi kukizidi. Fundi anayetaka CD yake isikike kubwa kuliko ya jirani hukata vilele vya sauti, yaani mapigo ya ngoma na herufi kali za mwimbaji, kisha huinua vyote vilivyobaki hadi vikaribie dari. Tabia hiyo ilishika kasi katika miaka ya 1990 na haijakoma. Sikio husisimka mara ya kwanza, kisha huchoka, kwa kuwa halipewi tena tofauti kati ya kikubwa na kidogo. Kwa hiyo unapolinganisha CD mbili, kwanza punguza ile yenye sauti kubwa mpaka zote mbili zilingane. Usipofanya hivyo, yenye kelele itashinda kila mara kwa sekunde thelathini za mwanzo.

Swali: Kwa nini hata katika makasha ya CD nyingi ya gharama kubwa baadhi ya nyimbo za mwanzo za Elvis Presley zinasikika kana kwamba zimechukuliwa kutoka kwenye santuri? Je, kampuni yenye fedha nyingi namna hiyo inashindwaje kupata kanda?

Jibu: Inashindwa kwa sababu kanda yenyewe haipo tena. Elvis alirekodi nyimbo zake za kwanza za kibiashara kwa Sam Phillips wa kampuni ya Sun mjini Memphis kuanzia Julai 1954, na mwezi Novemba 1955 kampuni ya RCA ilinunua mkataba wake kwa dola 35,000 pamoja na kanda zilizokuwapo. Baadhi ya kanda hizo zilipotea baadaye, na kwa nyimbo hizo chanzo bora kilichobaki ni santuri iliyo safi. Msiwalaumu mafundi kwa mkwaruzo mdogo mnaousikia. Walaumuni pale wanapojaribu kuuficha kwa kuzima sauti za juu zote. Kuna jambo moja ambalo wasikilizaji hulidhania kuwa kasoro ilhali silo: ule mwangwi mfupi unaoirudia sauti ya Elvis mara moja, kwa haraka, uliwekwa na Phillips mwenyewe kwa kutumia mashine mbili za kanda, akitumia muda mchache unaopita kati ya kichwa cha kurekodia na kichwa cha kusomea.

Hali ni mbaya zaidi kwingine. Ghala la kampuni ya Atlantic mjini Long Branch, New Jersey, liliungua mwaka 1978, na kanda nyingi za vipindi vya kurekodi zikaangamia. Tarehe 1 Juni 2008 moto ulizuka katika Universal Studios kule Hollywood na kuingia katika ghala lililohifadhi kanda za muziki. Ukubwa wa hasara ulipotangazwa na gazeti la New York Times mwaka 2019, kampuni yenyewe ilipinga makadirio hayo, na mabishano juu ya nini hasa kilichoungua hayakuisha vizuri. Kwa mnunuzi, maana yake ni hii: CD iliyotengenezwa kwa uangalifu katika miaka ya 1980 au 1990 inaweza kuwa imetoka kwenye kanda ambayo leo hakuna awezaye kuicheza tena, hivyo toleo jipya halina uhakika wa kuishinda, hata fundi wake awe stadi kiasi gani.

Swali: Nimeona makasha ya bei ndogo kutoka Ulaya yenye albamu nne hadi nane za msanii mmoja. Yanawezekanaje kuwa rahisi hivyo, na je, sauti yake inafaa?

Jibu: Yanawezekana kwa sababu ya sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rekodi za sauti zililindwa kwa miaka 50. Agizo la mwaka 2011, lililoanza kutumika katika nchi wanachama mwezi Novemba 2013, liliongeza ulinzi huo hadi miaka 70, lakini halikuzifufua rekodi ambazo muda wake ulikuwa umekwisha. Matokeo yake ni kwamba kilichotolewa hadi mwisho wa mwaka 1962 ni mali ya umma huko, na yeyote anaweza kukichapisha bila kumwomba mwenye kanda ruhusa. (Santuri ndogo ya kwanza ya Beatles kwa Parlophone, "Love Me Do" ya Oktoba 1962, imeangukia ndani ya mpaka huo kwa miezi michache tu.)

Sasa fikirini: asiyehitaji ruhusa ya mwenye kanda pia hana njia ya kuifikia kanda. Atanakili santuri, au, kama ilivyo mara nyingi, atachukua CD ya mwingine, aibane kidogo, apunguze mvumo ili isitambulike, kisha aiuze. Nimewahi kununua kasha moja la namna hiyo ambalo nyimbo mbili zilikuwa na mruko wa sindano katikati ya ubeti, na bado kijitabu chake kilisifu usafi wa sauti. Haimaanishi kwamba yote ni mabaya, kwani aliyenakili CD nzuri bila kuigusa atakupa CD nzuri. Shida ni kwamba hutajua kabla ya kulipa.

Wenye kufanya kazi hii kwa heshima wanajulikana. Bear Family ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1975, hutoa makasha makubwa yenye vitabu vinavyoeleza tarehe na wapigaji wa kila kipindi. Ace ya London, iliyoanza mwaka 1978, ina mfululizo wa *The Golden Age of American Rock 'n' Roll*, ulioanza mwaka 1991, ambao kwa maoni yangu ndio mlango bora kwa anayetaka nyimbo za wasanii wengi bila kununua albamu thelathini. Nchini Marekani, CD za Rhino zilizopitia mikononi mwa fundi Bill Inglot zina jina zuri, na Eric Records imejipatia wafuasi kwa kufukua matoleo ya stirio (sauti tofauti kushoto na kulia) ya nyimbo ambazo wengi wetu tulizijua kwa mono (sauti ileile pande zote) tu.

Swali: Nilinunua CD ya nyimbo bora za Everly Brothers. Waimbaji ni wao bila shaka, lakini nyimbo si zile ninazozikumbuka. Je, kumbukumbu yangu imenisaliti?

Jibu: Hapana. Ndugu hao waliondoka kampuni ya Cadence na kujiunga na Warner mwaka 1960, wakiacha kanda zao nyuma, na mwaka 1964 walizirekodi upya nyimbo zao za Cadence ili kampuni mpya iwe na zake. Hawakuwa peke yao. Bill Haley alifanya hivyo alipohamia Warner mwaka 1960, Jerry Lee Lewis alizirudia nyimbo zake za Sun kwa ajili ya Smash, Chuck Berry alizirudia za Chess kwa ajili ya Mercury mwaka 1967, naye Roy Orbison alizirekodi tena zile za Monument katika albamu iliyotolewa na Virgin mwaka 1987. Baadhi ya marudio hayo yamepigwa vizuri, lakini si kile ulichokitafuta. Maneno "wasanii asilia" kwenye jalada ni ya kuyatilia shaka, kwa kuwa yanakuahidi mtu bila kukuahidi rekodi. Tazama jina la kampuni na mwaka katika maandishi madogo ya nyuma: kwa Orbison unataka Monument, kwa Berry unataka Chess, kwa Everly Brothers wa kabla ya 1960 unataka Cadence. Mahali ambapo hakuna mwaka wala jina la kampuni, rudisha CD kwenye rafu.

Swali: Je, nitafute mono au stirio?

Jibu: Inategemea wimbo, lakini nikilazimishwa kuchagua bila kuuona wimbo wenyewe, nitachagua mono. Santuri za stirio ziliingia sokoni nchini Marekani mwaka 1958, na kwa miaka mingi baada ya hapo redio na santuri ndogo ziliendelea kuwa za mono, kwa hiyo toleo la mono ndilo ambalo msanii na fundi walikaa nalo usiku kucha. Phil Spector, mtayarishaji wa muziki, alijaza chumba kimoja cha studio ya Gold Star kwa wapigaji wengi, ili magitaa, piano na mwangwi viyeyuke kuwa kitu kimoja. Ukivitenganisha kushoto na kulia, unabomoa kile alichokijenga. Kasha lake la mwaka 1991 liliitwa *Back to Mono* (yaani "Turudi kwenye Mono"), na jina hilo ni hoja tosha. Beatles nao ni mfano mzuri: katika albamu zao mbili za kwanza, stirio ni sauti za waimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine, jambo linalovumilika kwenye spika lakini linaloudhi kwenye hedifoni. CD za mwaka 1987 za albamu zao nne za kwanza zilitolewa kwa mono, na kasha la mono la mwaka 2009 halikubanwa vilele vyake kama lilivyobanwa, ingawa kidogo, lile la stirio.

Hata hivyo, kuna stirio ya kweli inayostahili kusakwa. Fundi Tom Dowd wa Atlantic alikuwa na mashine ya kanda yenye njia nane za kurekodia sauti tofauti tangu miaka ya mwisho ya 1950, wakati studio nyingi zilikuwa na njia mbili au tatu. Buddy Holly mwenyewe, katika kipindi chake cha New York cha tarehe 21 Oktoba 1958 akiwa na okestra ya Dick Jacobs, alirekodiwa kwa stirio, na kuisikia "True Love Ways" ikiwa imefunguka hivyo, pumzi yake ikitangulia neno la kwanza, ni jambo la kumfanya mtu aketi kimya na kusikiliza.

Kinachopaswa kukimbiwa ni stirio ya bandia. Katika miaka ya 1960 kampuni zilichukua kanda za mono, zikapeleka sauti nzito upande mmoja na nyepesi upande wa pili, zikaongeza ucheleweshaji kidogo na wakati mwingine mwangwi, kisha zikaziuza kama stirio. Capitol iliuita ujanja wake Duophonic. Baadhi ya kanda hizo ziliponyoka hadi kwenye CD. Kipimo chake ni rahisi: fungua wimbo katika programu ya kuhariri sauti kama Audacity, geuza upande mmoja kichwa chini, kisha uchanganye pande mbili. Mono ya kweli itafutika na kuwa kimya, au itabaki mvumo hafifu tu. Ikiwa bado unasikia matoazi na mwangwi unaoelea huku mwimbaji akisikika kama yuko bombani, umeuziwa bandia.

Swali: Je, CD za dhahabu zina sauti bora? Na nitajuaje CD niliyonayo ni ya toleo gani?

Jibu: Dhahabu haina sauti. Miale ya mashine husoma vishimo vilevile, viwe vimefunikwa kwa dhahabu au alumini. CD za dhahabu za kampuni ya DCC, kama ile ya nyimbo 24 za Elvis ya mwaka 1997, zinasifiwa kwa haki, lakini sifa ni za kanda zilizotumika na za Steve Hoffman aliyeziandaa. Mkono uleule kwenye alumini ungekupa kitu kilekile.

Kuhusu toleo, usitegemee mwaka wa hakimiliki ulioandikwa kwenye jalada, kwa kuwa huachwa hivyohivyo CD inapochapishwa tena miaka mingi baadaye. Chukua CD yenyewe, iinamishe chini ya taa upande usio na picha, uutazame ukingo mwembamba unaozunguka tundu la katikati. Utaona namba na herufi zilizochongwa, ambazo hutofautisha uchapishaji mmoja na mwingine hata pale majalada yanapofanana kabisa. Ukiona herufi IFPI zikifuatwa na namba, CD hiyo ilichapishwa mwaka 1994 au baadaye, kwa kuwa alama hiyo ndipo ilipoanza. Isipokuwapo, yaelekea ni ya zamani zaidi. Linganisha namba hizo na zile za muuzaji kabla ya kulipia CD iliyotumika, na asiyekubali kukusomea namba za ukingoni usinunue kwake.

Tahadhari moja kwa wanaonakili CD za zamani kwenye kompyuta. Baadhi ya CD za miaka ya mwanzo zilitengenezwa zikiwa zimeinuliwa sauti za juu kwa makusudi, pamoja na alama ndani yake inayoiagiza mashine izishushe wakati wa kucheza. Mashine ya CD hulifanya hilo bila kuambiwa, lakini programu nyingi za kunakili huipuuza alama hiyo, na nakala hutoka kali, yenye matoazi yanayochoma. Kwa hiyo ukiwa na CD ya mwaka 1984 au 1985 ambayo kwenye kompyuta inasikika mbaya kupita kiasi, iweke kwanza kwenye mashine ya CD iliyounganishwa na amplifaya, uisikilize hapo, kabla hujaamua kuigawa.